Podikasti, Fasihi Simulizi na Barabara ya Jogoo

Katika semina moja ya idara, mwanafunzi wa uzamili alisoma makala yaliyodai kwamba podikasti ndiyo fasihi simulizi ya zama zetu. Hoja yake ilikuwa rahisi kuifuata. Bibi aliyesimulia ngano mekoni, alisema, hayupo tena. Wajukuu wake wanaishi Umoja na Kayole, katika nyumba za kupanga zisizo na meko wala bibi. Lakini hamu ya kusimuliwa ingalipo. Msimulizi sasa yumo simuni, na mjukuu humsikiliza akiwa njiani kwenda kazini. Kwa hiyo fasihi simulizi haikufa bali imehama. Wenzangu walimpongeza, tena kwa haki, kwani makala yalikuwa yameandikwa kwa bidii. Mimi nilinyamaza. Sikukubaliana naye, lakini sikuwa na jibu.

Makala haya ni jibu lililochelewa. Sikulipata maktabani. Nimelipata ndani ya matatu za Kayole, ambamo hukaa yapata saa tatu kila siku ya kazi, asubuhi na jioni nikizijumlisha pamoja, nami nikiwa na visikizi, yaani vile vidude viwili vya kutia masikioni. Msomaji asitarajie nadharia mpya. Ninachokusudia ni kupima dai la mwanafunzi yule kwa vipimo ambavyo sisi wenyewe tumevikubali tangu zamani, kisha nieleze jambo jingine ambalo hakulitaja na ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi kuliko suala la utanzu.

Tuanze na jina. Ben Hammersley, mwandishi wa gazeti la The Guardian la Uingereza, ndiye aliyelichapisha kwanza mwaka 2004 alipokuwa akitafuta la kuviita vipindi vya sauti vinavyochukuliwa kutoka intaneti na kusikilizwa wakati wowote apendao msikilizaji. Kwa Kiswahili twasema podikasti, na sioni haja ya kulitafutia neno hilo mbadala wa Kibantu au wa Kiarabu. Redio nayo ilikuja hivyo hivyo, na leo hakuna anayeihesabu kuwa mgeni. Tofauti ya podikasti na redio haimo katika sauti, imo katika wakati. Msikilizaji huifuata redio. Podikasti humfuata msikilizaji. Asiyewahi taarifa ya habari ya redio ameikosa, lakini podikasti hungoja simuni hata wiki, hata mwezi, mpaka mwenyewe atakapopata nafasi.

Na nafasi hiyo mkazi wa Eastlands huipata wapi? Huipata barabarani. Jambo hili lina historia yake. Kaloleni na Makongeni zilikuwa makazi ya wafanyakazi wa mji na wa reli, nazo ziko karibu na mahali pao pa kazi kiasi kwamba mtu angeweza kwenda kwa miguu. Buruburu na Umoja zilijengwa kuanzia miaka ya 1970. Dandora ilianzishwa miaka hiyo hiyo kwa fedha za Benki ya Dunia, na Kayole ikafuata baadaye. Kila mtaa mpya uliusogeza mlango wa nyumba mbali zaidi na mlango wa kazi, na barabara kuu za kuingilia mjini zikabaki chache: Jogoo, Juja, na hatimaye ile ya Outer Ring inayozikata zote mbili. Kutoka Kayole hadi Muthurwa haifiki kilomita 20. Asubuhi mwendo huo hunichukua saa moja na nusu. Mikono imeshika mkoba, macho hayana cha kutazama ila kisogo cha abiria wa mbele, magoti yamebanwa. Kiungo kilicho huru ni sikio peke yake. Kwa hiyo msongamano wa magari ndio uliowapa watunga podikasti wa Nairobi hadhira yao, na mhakiki asiyelizingatia hilo atazihakiki kana kwamba husikilizwa sebuleni.

Sasa twende kwenye vipimo. M. M. Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika Mulika mwaka 1989, alitutoa katika mazoea ya kuiona fasihi simulizi kuwa ni matini tu yaliyohifadhiwa kwa mdomo. Alisisitiza kwamba ni tukio, na kwamba tukio hilo hufungamana na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Tangu hapo wengi wetu tumewafundisha wanafunzi wetu mambo hayo hata wakayakariri. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wetu hakuyatumia.

Tuyatumie sisi. Fanani yupo: ni mtu mmoja, au watu wawili watatu, wameketi mbele ya vipaza sauti katika chumba kilichofungwa. Fani ipo, nayo nitairudia. Lakini mahali ni wapi? Ni pale chumbani, au ni hapa Donholm ambapo matatu yetu imesimama kwa dakika ishirini? Wakati ni upi? Mzungumzaji anasema “leo” na leo yake ni ya wiki tatu zilizopita. Hadhira ni nani? Ni mimi, peke yangu, nisiyeweza hata kukohoa akanisikia. Atambaye ngano husema “Paukwa!” akangoja, na asipopata “Pakawa!” yenye nguvu hurudia, au huivunja hadithi akaanza nyingine. Akiona watoto wanasinzia huifupisha. Akiona wameduwaa huirefusha na kumwongezea zimwi kichwa cha pili. Podikasti haina pakawa. Wapo watakaosema kwamba wasikilizaji nao hujibu, kwani hutuma ujumbe, huandika maoni, husifu na kukashifu. Ni kweli, lakini jibu linalofika kesho haliwezi kuigeuza kazi ya leo. Msomaji wa gazeti pia huandika barua kwa mhariri, na hatujapata kusema kwamba gazeti ni fasihi simulizi.

Mwanafunzi alimtegemea Walter Ong, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1982 alieleza juu ya usimulizi wa pili, yaani ule unaozaliwa na redio, televisheni na simu katika jamii ambayo tayari ina maandishi. Lakini Ong aliona kwamba usimulizi huo, kama ule wa kwanza, huwakusanya watu na kuwafanya wajihisi kuwa kundi moja. Kisikizi hakikusanyi mtu. Kazi yake ni kinyume cha hiyo: humtoa mmoja katika kundi alilomo. Ndani ya matatu ya abiria kumi na wanne wenye visikizi mna hadhira kumi na nne, kila moja ya mtu mmoja.

Nilizindukana juu ya jambo hili kwa bahati tu. Asubuhi moja ya masika visikizi vyangu viliishiwa na moto kabla hatujafika Makadara. Nikabaki na redio ya dereva, ambayo kwa kawaida huwa naikimbia. Ilikuwa Radio Jambo, na kipindi kilikuwa kile cha Patanisho, ambacho Gidi na Ghost wamekiendesha kwa miaka mingi. Wasiokifahamu waelezwe kwamba mtu aliyekosana na mwenzake huomba asaidiwe. Watangazaji humpigia simu huyo mwenzake, na mashtaka, utetezi na pengine matusi husikika hewani. Siku hiyo, kama siku nyingi, mume alikuwa akitaka mkewe arudi.

Matatu nzima ilinyamaza, kisha matatu nzima ikaanza kusema. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la kwenda nalo sokoni Muthurwa alitamka waziwazi kwamba mume yule ni mwongo. Utingo akamjibu, “Lakini mathe, si ameomba msamaha mara tatu?” Mama akasema, “Ameomba, ndiyo, lakini hajasema amekosa nini. Kama angekuwa anajua kosa lake, angelitaja.” Kijana wa nyuma akadai kwamba mwanamke naye ana neno analolificha, kwa maana hajibu swali analoulizwa. Mzee wa kando yangu alitikisa kichwa tu. Mke alipoikata simu, watu waliguna kwa pamoja, na dereva akasema hata yeye angeikata.

Kwa kipimo chochote kile, lile lilikuwa tukio. Palikuwa na mahali, wakati ulikuwa mmoja kwa wote, na hadhira ilikuwa inahukumu na kukosoana yenyewe kwa yenyewe. Gidi na Ghost hawakutusikia, hilo nalikubali. Kwa hiyo fasihi simulizi kamili haikuwapo pale. Lakini ilikuwapo nusu yake, tena nusu iliyo hai. Podikasti niliyokuwa nikiisikiliza kabla ya hapo ilikuwa na mazungumzo yenye werevu mwingi kuliko yale ya mume na mke wale. Hata hivyo haikumfanya mtu yeyote ndani ya gari lile afungue kinywa chake.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba dai la semina limeanguka. Ila maneno ya mama yule yalinikaa akilini kwa sababu nyingine. Ameomba, ndiyo, lakini. Kama angekuwa, ange-. Alikuwa anajenga hoja, na alikuwa anaijenga kwa Kiswahili. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilisikia hoja ikijengwa hivyo katika podikasti ya Nairobi, nikashindwa. Tangu siku hiyo nimebadilisha namna yangu ya kusikiliza. Siwatazami tena wasemaji wanasema nini tu. Natazama pia viunganishi vyao.

Podikasti za mazungumzo za Nairobi ni nyingi, na baadhi yake zimejipatia wafuasi wengi kwa haki. Legally Clueless ya Adelle Onyango, iliyoanza mwaka 2019, imewapa watu wa kawaida nafasi ya kusimulia maisha yao wenyewe, na kwa kiasi kikubwa husemwa kwa Kiingereza, bila kujidai kuwa kitu kingine. Mantalk.ke ya Eli Mwenda na Oscar Koome huchanganya lugha kama vijana wa mji wanavyochanganya. Nyingine huchanganya zaidi, na Sheng hutawala. Sitaki kumnyoshea kidole mzungumzaji mmoja, kwa kuwa nitakalolisema halimhusu mtu bali mtindo ambao umekwisha kuwa mali ya wengi.

Mtindo wenyewe ni huu. Salamu huwa ni Sheng au Kiswahili. Utani huwa ni Kiswahili. Akiigizwa mlinzi wa lango, au polisi wa barabarani, au mama mboga, au mama mzazi anayegomba, basi ni Kiswahili kitupu, tena kitamu, chenye lafudhi na methali zake. Kisha linatokea swali zito: mtu amefiwa na mzazi, au ameshindwa kulipa deni, au anataka kujua kama amlee mtoto asiye wake. Hapo wasemaji huhama. Hawahami mara moja, na nomino si za kwanza kuondoka. Viunganishi ndivyo vinavyotangulia. “Kwa sababu” hutoweka, “ingawa” haisikiki kabisa, “kwa hiyo” na “hata hivyo” hupisha vya Kiingereza, na punde sentensi nzima imevifuata viungo vyake ng’ambo. Mzaha unaporudi, Kiswahili nacho kinarudi.

Tumezoea kulalamika juu ya msamiati. Twahesabu maneno ya Kiingereza katika sentensi ya kijana kama mwenye duka anavyohesabu panya. Hilo si tatizo kubwa. Lugha iliyopokea maneno kwa Waarabu, Waajemi, Wareno na Wahindi haiwezi kuuawa na majina ya vitu. Lakini kiunganishi si jina la kitu. Kiunganishi ni mahali ambapo wazo moja linashikana na jingine: sababu na matokeo, sharti na jibu lake, dai na kipingamizi chake. Lugha ikipokonywa nomino itakopa nyingine. Ikipokonywa viunganishi inabakiwa na maneno ya kutaja na kuchekesha tu, na kufikiri kunafanyika kwingine. Msafiri wa Kayole asikilizaye saa tatu kwa siku hufundishwa jambo hili bila ya mtu yeyote kulitamka: kwamba Kiswahili ni lugha ya wanaoigizwa, na Kiingereza ni lugha ya wanaowaza.

Sisemi kwamba wasemaji hawa hawakijui Kiswahili. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na Katiba ya 2010 imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Waliosoma chini ya mfumo huo walifanyiwa mtihani wa viunganishi, wakavipigia mstari, wakapata alama. Walifundishwa kuvitambua katika sentensi za watu wengine. Hoja zao wenyewe, za hesabu, za historia, za sayansi, walizijenga kwa Kiingereza. Nasi tusiotoka kwenye lawama ni akina nani? Nimehudhuria mikutano ya idara moja ya Kiswahili ambapo ajenda ilisomwa kwa Kiswahili, chai ikakaribishwa kwa Kiswahili, na mjadala wa kweli, ule wa fedha na vyeo, ukaendeshwa kwa Kiingereza tangu mwanzo hata mwisho. Ilikuwa podikasti kabla ya podikasti.

Atatokea msomaji atakayeniuliza: mbona hukusikiliza podikasti za Kiswahili sanifu? Nimezisikiliza. DW ilianza mwaka 2008 kutoa michezo ya kuigiza ya Noa Bongo, na RFI, iliyoanzisha matangazo yake ya Kiswahili mwaka 2010, ina vipindi kama Gurudumu la Uchumi ambavyo huweza kuchukuliwa na kusikilizwa baadaye. Idhaa ya Umoja wa Mataifa hutoa Neno la Wiki, ambamo wataalamu hufafanua maana na matumizi ya maneno. Hizi ni kazi za maana, na Gurudumu la Uchumi hasa ni ushahidi kwamba mfumuko wa bei na madeni ya serikali huweza kujadiliwa kwa Kiswahili bila ya mtu kuugua. Lakini nyingi ni vipindi vya redio vilivyowekwa intanetini. Husomwa, hazizungumzwi. Katika michezo ile ya kuelimisha, mhusika mara nyingi huanza kuwa mtu kisha akageuka kijitabu cha wizara. Viunganishi vimo vyote, kila kimoja mahali pake, ila havitokani na mtu anayetafuta la kusema. Msikilizaji wa Barabara ya Jogoo amewekwa basi kati ya vitu viwili: watu walio hai wasiofikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili kifikiricho kisicho na watu.

Kwamba njia ya tatu yawezekana, Dar es Salaam imeonyesha. Katika mahojiano ya Salama Na, yake Salama Jabir, maneno ya Kiingereza yamo, tena si machache. Mtaalamu wa usanifu angeyapigia mstari mwekundu mpaka kalamu ikaisha wino. Lakini msemaji anapofika penye uchungu au penye fumbo la maisha yake, hahami. Anasitasita, anarudi nyuma, anasema “yaani”, anasema “sasa”, anasema “kumbe”, na wazo linazaliwa pale pale mbele ya sikio lako. Nikilinganisha, naona kwamba wingi wa maneno ya kigeni si kipimo cha kutosha cha afya ya mazungumzo. Kipimo bora ni hiki: linapokuwa gumu, msemaji hukimbilia lugha gani?

Hapa sina budi kuitetea Sheng, ingawa najua baadhi ya wasomaji wa jarida hili wataona nimelewa. Sheng ilikulia katika mitaa hii hii ya Eastlands, na Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameieleza kuwa ni sura ya Kiswahili cha Kenya, si gugu lililoota kando yake. Sikio langu linakubaliana naye, na ushahidi wangu ni neno moja dogo: “juu”. Mwana wa Eastlands hasemi “kwa sababu”. Husema, “Sikukuja juu nilikuwa nimechoka.” Amelichukua neno la mahali, lililokuwa tayari na maana ya “kuhusu” likifuatwa na “ya”, akalifanya kiunganishi cha sababu. Hakuna kamati iliyoketi, wala kamusi iliyomtuma. Alihitaji kutoa sababu haraka, akachonga chombo chake kutoka katika mti wa nyumbani. Mtazame pia “kwani”. Katika sanifu hutanguliza sababu. Nairobi limekuwa swali la mshangao, na mwaka 2003 likawa jina la jarida la fasihi, Kwani?, lililoasisiwa na Binyavanga Wainaina na wenzake. Lugha inayovichezea viunganishi vyake namna hii haijaacha kufikiri. Kwa hiyo kosa si la Sheng. Kosa ni kwamba Sheng yenyewe, kama Kiswahili kingine chote, huachwa mlangoni pindi mazungumzo yanapoanza kuheshimika. Msemaji aliyekuwa akisema “juu” kwa dakika kumi za utani huisahau anapoulizwa juu ya kifo cha baba yake.

Njiani, kati ya Jericho na Makongeni, matatu hupita karibu na mtaa wa Mbotela. Jina hilo ni la Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyeuawa mwaka 1952, wala si la mtangazaji. Hata hivyo kila nipitapo hapo humkumbuka mtangazaji, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Mwaka 1966 alianzisha Sauti ya Kenya kipindi kifupi kiitwacho Je, Huu ni Ungwana?, akakiendesha kwa zaidi ya nusu karne. Mada zake zilikuwa ndogondogo: tabia za watu mezani, wageni wasiojua kuondoka, ulimi usio na adabu, mambo ya jirani na jirani. Wengi wetu tuliokua tukimsikiliza tulidhani anatuchekesha. Alikuwa anatuchekesha, ndiyo. Lakini tazama umbo la kazi yake. Kichwa cha kipindi ni swali. Mfano unatolewa, kisha unapinduliwa: huenda mtu huyu ana sababu yake, lakini je, sababu hiyo yatosha? Msikilizaji anaulizwa moja kwa moja, na hukumu anaachiwa yeye. Mzaha na hoja vimo katika sentensi moja na katika lugha moja. Hakuna pahali ambapo msemaji huvua Kiswahili ili apate kuwa mtu mzima.

Ningemshauri yeyote anayetaka kutunga podikasti kwa Kiswahili mjini Nairobi asizitafute za Marekani kwanza, atafute kanda za kipindi kile. Si ili aige adabu zake, kwani nyingine zimepitwa na wakati na nyingine zilikuwa za kiume mno. Asikilize tu jinsi mtu mmoja, asiye na hadhira mbele yake, alivyoweza kuiacha nafasi ya pakawa wazi, hata watu majumbani wakajikuta wanamjibu redioni. Maana huko ndiko kulikopotea fani ya podikasti zetu. Wasemaji wawili wa chumbani wanatosheka wao kwa wao. Hucheka wao, hujibiana wao, na msikilizaji amekuwa mtu aliyesimama dirishani kwa watu. Mbotela alikuwa peke yake, na kwa sababu hiyo alituhitaji.

Nimrudie mwanafunzi wetu. Dai lake kwamba fasihi simulizi imehamia podikastini sikubaliani nalo, lakini aliona kitu ambacho mimi, pamoja na uzee wangu, nilikuwa sijakiona: kwamba safari ya kila siku ni mahali pa fasihi. Alichokosea ni kuitafuta fasihi hiyo ndani ya simu peke yake. Nasema hivi kwa sababu ya jambo nililoliona majuzi. Wasichana wawili walipanda Donholm, wakaketi mbele yangu. Walikuwa na visikizi vya waya, jozi moja, kila mmoja ametia kimoja sikioni mwake, vichwa vimekaribiana. Kwa kadiri nilivyoweza kupata, wazungumzaji wao walikuwa wanajadili kama mtu amkopeshe fedha ndugu yake, na walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda kwenye Kiingereza. Karibu na Hamza mmoja aliizima sauti. “Huyo anasema tu,” alimwambia mwenzake. “Siwezi mnyima, juu ni ndugu yangu. Lakini siwezi mpatia pia, juu hatarudisha.” Mwenzake akamwambia hizo ni juu mbili zisizokaa pamoja, achague moja. Wakaanza upya, wakaizima tena, wakabishana tena; kila baada ya sentensi tatu nne za chumbani walitia zao kumi. Tuliposhuka Muthurwa podikasti ilikuwa haijafika nusu, nao walikuwa bado kwenye juu ya kwanza.